Pumzi Chini ya Kioo

Bwenini,
9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua unaitikia marahaba huku umekunja uso, maana ulinipa siku tatu niwe nimeandika na sasa ni wiki ya pili. Niwie radhi. Mimi mzima, nakula, nalala. Mwambie baba sanduku alilolifunga kwa kamba lilifika salama, salama mno, ilibidi niazime kisu jikoni ndipo lifunguke. Jirani yako fundi viatu pia msalimie, na umwambie nimeshapata mtu mwingine wa kubishana naye. Ni huyu mwenzangu wa chumbani, muuguzi aliyekaa kazini miaka kumi na miwili. Nilipomuuliza kwa nini ameacha wodi na kuja kusomea maabara, akasema damu iliyo kwenye kioo haipigi kelele.

Sasa nikueleze hadubini. Ni chuma kizito, unaibeba kwa mikono miwili, mmoja shingoni na mwingine chini ya kitako. Juu kuna lenzi ya kuchungulia. Chini kuna kichwa chenye lenzi tatu, fupi, ya kati na ndefu, na ukikizungusha kila lenzi inafika mahali pake kwa mlio mdogo, tak. Shangazi, huo mlio ungeusikia. Nilikizungusha mpaka mkufunzi akanigeukia. Lenzi ya juu inakuza mara kumi, ile ndefu ya chini mara arobaini, ukizidisha unapata mia nne. Vile vilenzi vyetu vya jichoni, vya mara kumi tu, hapa ni watoto wachanga.

Mwishoni mwa Juni tuna mtihani wa vitendo. Kila mtu na hadubini yake, dakika ishirini: unatengeneza kioo chako mwenyewe, unatafuta seli, unaichora. Anayeshindwa haendelei na muhula wa pili, anafunga mzigo. Usinihofie. Wenzangu wengi hawajawahi kushika hata miwani, na mimi nimefanya kazi ya saa nawe tangu nina miaka kumi na tisa. Nitafeli vipi?

Mwanao,
Kibano

*

Dukani,
24 Februari

Mwanangu Kibano,

Marahaba, na uso nimeukunja kweli. Sisi hatujambo. Baba yako anajenga banda la tatu la kuku, ingawa kuku wenyewe ni wawili na hawaongei. Fundi viatu amesema atakujibu akipata la kusema, kwa hiyo usisubiri.

Umeandika kwamba kuna namba ya simu ya bweni. Sitaki. Kile kidude ndicho kilichotumaliza. Watu walikuwa wakivua saa mkononi na kuniwekea mezani kwa heshima, leo wanatazama saa humo humo wanamotazama picha za harusi za watu. Mimi nitaandika. Karatasi haikatiki katikati ya maneno.

Siku ile unaondoka ulisema, tena mbele ya fundi viatu, kwamba kazi ya saa imekufa na anayebaki nayo anasubiri mazishi. Nimekusamehe, ila sijasahau, na kusahau hakumo katika mipango yangu ya mwaka huu. Kilenzi chako bado kinaning'inia kwenye msumari juu ya meza. Hakuna anayekigusa.

Sasa nichoree hiyo seli. Nimefungua saa maelfu na sijui nimeumbwa kwa nini. Nichoree, na uniandikie kila sehemu inafanya kazi gani, kama nilivyokufundisha mimi springi na magurudumu.

Shangazi yako

*

Bwenini,
15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kuku wameshagawana mabanda. Hapa kumenyesha siku nne, na nguo zimekauka juu ya vitanda vyetu tukiwa tumelala chini yake.

Mchoro huo hapo ndani. Ni ngozi ya kitunguu, ule utando mwembamba unaobanduka upande wa ndani wa ganda. Unakata kipande, unakiweka juu ya kioo kwenye tone la maji, unafunika kwa kioo kingine chembamba sana. Kila chumba unachokiona ni seli moja. Ukuta ule wa nje unaipa umbo. Ndani ya ukuta kuna utando, huo ndio mlinzi wa mlango, unaamua kipi kiingie na kipi kitoke. Uji uliojaa ndani ndimo kazi zinamofanyika. Lile doa la duara ni kiini, humo ndimo yamewekwa maelekezo yote ya kuijenga na kuiendesha seli. Kitunguu kizima ni hizi tu, seli kwa seli, na wewe na mimi vilevile, ila sisi hatuna ukuta.

Masomo yanaenda vizuri sana. Mkufunzi ameridhika nami. Sina la kulalamika.

Mwanao,
Kibano

*

Dukani,
6 Aprili

Kibano,

Wote wazima. Kuku mmoja ameatamia katika banda la tatu, na baba yako anatembea kama aliyeshinda kesi.

Nilipoupata mchoro wako niliupenda kwa muda wa chai moja. Halafu nikanunua kitunguu. Nilibandua ule utando, nikaushika kwa kibano mbele ya dirisha, nikautazama kwa kilenzi chetu kikali kuliko vyote. Fundi viatu akauliza kama siku hizi natengeneza na vitunguu. Ilinichukua asubuhi yote, mwanga wa dirishani siku hizi si mzuri, lakini niliona. Mistari hafifu, kama matofali. Moja limelala upande. Lingine limebanwa na jirani zake mpaka limechongoka. Pembeni utando ulikuwa umejikunja.

Mchoro wako una matofali kumi na mawili, yote sawasawa, na kila moja lina doa katikati kabisa. Miaka arobaini nafungua saa, na hata zilizotoka kiwanda kimoja siku moja sijaona mbili zinazofanana ndani. Aliyeona huchora na kasoro. Wewe umechora nini, mwanangu?

Na mtu asiye na la kulalamika si wa ukoo huu. Niambie ukweli.

Shangazi

*

Bwenini,
20 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nikizirefusha nitaghairi.

Mchoro ule niliunakili kutoka picha ya ukutani. Kwenye hadubini sioni kitu. Wiki nyingi nilichokuwa nakiona ni vijiti vyeusi vilivyopinda, nikadhani ni mizizi ya kitunguu, hata nikaviandikia majina. Mwenzangu alichungulia, akanitazama usoni, akachungulia tena, akaniambia, "Dada, hizo ni kope zako." Nimevunja vioo vya kufunikia vinne. Nazungusha skrubu kubwa nikishusha lenzi, nashusha, nashusha, nikingoja picha ije, kinachokuja ni mlio wa kioo kupasuka. Jicho ninalolifumba linatetemeka mpaka usiku. Kichwa kinaniuma.

Siku moja niliona. Duara kamili, lina ukingo mnene mweusi, katikati linang'aa. Nilichora saa nzima, nikatia na kivuli. Mkufunzi wetu ni mama wa sauti ya chini, na upole wake unauma kuliko kofi. Aliinua karatasi yangu mbele ya darasa akasema, "Mwenzenu ametuchorea hewa. Ni mchoro mzuri sana wa hewa." Kilikuwa kiputo kilichonaswa chini ya kioo, Shangazi. Darasa lilicheka mpaka mtu wa bustani akaja dirishani kuuliza kuna nini.

Nilijigamba mbele ya watu hawa kwamba nimekulia kwenye lenzi. Nilijigamba mbele yako pia, nikaitukana na kazi iliyonilisha. Mtihani ni tarehe ishirini na saba Juni. Nikishindwa nitarudi, na sijui nitapitaje mbele ya meza ya fundi viatu. Nina miaka thelathini na mitatu na naogopa kama mtoto wa shule.

Kibano

*

Dukani,
11 Mei

Mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane, nikaisoma kwa siku kadhaa. Usiulize kwa nini. Na mwandiko huu mkubwa ni wa kalamu, kalamu mpya ina wino mwingi.

Kwanza nikiri, maana wewe umekiri. Niliposoma kwamba unashindwa, nusu yangu ilifurahi. Nilitazama kiti chako nikasema, basi anarudi. Nilikaa na furaha hiyo siku mbili, na siku ya tatu nikaionea haya. Mtoto akikwama hawi wako zaidi, anakuwa amekwama tu.

Sasa sikiliza. Kosa si lako, ni langu. Unatazama kama nilivyokufundisha mimi. Dukani unafumba jicho moja, kilenzi unakikandamiza jichoni mpaka kinashika chenyewe, kisha unasogeza saa ije kwenye lenzi mpaka ionekane. Kwa saa ni sawa. Kwa chombo chako kila hatua hapo ni mbaya.

Usikandamize jicho. Rudi nyuma kidogo, kope zako zibaki uani. Usifumbe jicho lingine. Acha yote mawili wazi. Siku tatu za mwanzo utaona vitu viwili, meza na kazi, na utataka kulia. Siku ya nne jicho lisilo na kazi linachoka kuangalia, linanyamaza lenyewe. Najua hili kwa sababu ndivyo ninavyofanya sasa, kilenzi kikiwa jicho la kushoto na la kulia likiwa wazi, na kichwa hakiniumi.

Usitafute kwa lenzi kali. Skrubu ikidondoka ndani ya saa huitafuti kwa kilenzi, unaitafuta kwanza kwa macho yako. Anza na lenzi yako fupi, uone shamba lote, ndipo upande nguvu.

Na lenzi usiishushe ukiwa umechungulia. Inama utazame kwa pembeni, kwa macho ya kawaida, ishushe mpaka ikaribie kugusa. Ndipo uweke jicho, na kuanzia hapo iwe kupanda tu, taratibu. Anayepanda havunji kioo.

Hewa nayo umeinasa kwa uzembe. Kioo cha saa unakifunika vipi? Unaanza ukingo mmoja, unakilaza kidogo kidogo. Huko kwa nini unakidondosha kama mfuniko wa sufuria?

Nitumie ule mchoro wa hewa. Katika yote uliyochora, huo ndio pekee uliouona kwa macho yako.

Shangazi yako

*

Bwenini,
3 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo mara mia nne. Nimeona.

Ilikuwa siku ya tano, wewe ulisema ya nne, lakini mimi ni mzito. Nilikilaza kioo kwa ncha ya sindano, ukingo mmoja kwanza, kama kioo cha saa. Niliinama, nikashusha lenzi fupi nikitazama kwa pembeni. Nikakaa. Nikaweka jicho mbali kidogo, yote mawili wazi, nikaanza kupanda. Kwanza ukungu wa kijivu. Kisha mistari ikatokea ndani ya ukungu, ikakolea, na Shangazi, vikawa vyumba. Vyumba kwa mamia, vimepangana, na hakuna kilichofanana na mwenzake. Nilitia tone la ayodini ukingoni nikalivuta kwa kipande cha karatasi upande wa pili, na viini vikaanza kugeuka rangi ya chai, kimoja baada ya kimoja. Haviko katikati. Vingi vimesukumwa ukutani, kama mtu aliyelala kwenye kitanda kimoja na watoto watano. Picha ya ukutani ilinidanganya, na wewe ulijua ukiwa huko na kitunguu chako.

Nililia. Mwenzangu alidhani nimevunja kioo cha tano.

Kuna kichekesho kimoja. Ukisukuma kioo kulia, picha inakwenda kushoto. Ukikisukuma mbele, inarudi nyuma. Mkono wangu umeanza kuzoea, ila jana nimepishana na mtu kwenye korido nikaenda upande aliokwenda yeye mara tatu.

Mchoro wa hewa nimeuambatanisha. Usimwonyeshe fundi viatu.

Sasa na mimi nina swali. Tangu nikufahamu, kilenzi kinakaa jicho la kulia. Una alama ya duara chini ya nyusi ya kulia iliyochimbika kwa miaka. Umeandika la kushoto. Tena mtu hajifunzi kuacha jicho wazi bila sababu akiwa na miaka sitini na nne. Barua yangu ya ukurasa mmoja na nusu umeisoma kwa siku kadhaa. Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama tangazo la mnada. Jicho la kulia lina nini?

Mwanao anayeona,
Kibano

*

Dukani,
17 Juni

Mwanangu unayeona,

Nimefurahi. Nimefurahi mpaka nimemnunulia fundi viatu soda, na amenitazama kwa wasiwasi.

Kuhusu hilo uliloniuliza, yule kuku ametotoa vifaranga saba.

Fanya mtihani wako.

Shangazi

*

Bwenini,
1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa vifaranga. Nimefaulu.

Walinipa hadubini ambayo lenzi yake ya kati ilikuwa na mafuta ya kidole cha mtu. Wawili walioitumia zamu za kwanza walidhani macho yao ndiyo mabovu. Mimi niliifuta kwa karatasi yake maalumu, maana fundi anakagua kwanza kifaa chake, na hilo ni lako. Dakika ya tisa nilikuwa na seli. Nilichora sita tu, moja ina kona iliyojikunja, nyingine sikukiona kiini chake kwa hiyo sikukichora. Mkufunzi aliuliza kwa sauti yake ile ya chini, "Hii kwa nini haina kiini?" Nikamwambia nimechora nilichokiona. Akasema, "Muhula wa pili tunaanza na damu. Karibu."

Sasa tuyaache hayo. Wewe hupokei simu, lakini fundi viatu anayo, na nimempigia. Usimgombeze, nilimbana. Amesema tangu mwaka jana saa ndogo za kike unazirudisha kwa wenyewe, unasema vipuri havipatikani. Amesema unabadilisha betri na mikanda tu. Mwaka jana mimi nilikuwa bado nipo, Shangazi, naenda mjini kutafuta vyuo huku nikiona saa zinarudishwa na nikiamini hadithi ya vipuri. Ulikuwa huoni, na ukanibebea sanduku mpaka kituoni, na hukusema neno. Nimekasirika. Nakupenda na nimekasirika, yote mawili yapo wazi kama macho.

Nisikilize sasa wewe. Nimemweleza muuguzi wangu, amesema inaelekea ni mtoto wa jicho, lakini daktari ndiye atakayepima aseme. Ndani ya jicho kuna lenzi, na hiyo lenzi nayo imejengwa kwa seli. Ni ndefu, nyembamba, zimefunikana tabaka kwa tabaka, kama kitunguu hasa. Zinapokomaa zinaacha viini vyao, zinatupa karibu kila kitu kilichomo ndani, ili mwanga upite bila kizuizi. Kwa hiyo hazijirekebishi tena. Miaka ikienda zinaingia ukungu. Hukufanya kosa lolote, umetumia tu. Lenzi ikiingia ukungu fundi anafanya nini? Anaitoa, anaweka nyingine. Ni kazi ya muda mfupi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Ungenirudishia saa yenye kioo cha ukungu ukasema vipuri hakuna?

Naomba uende. Nimekwishamwambia baba, ameacha mabanda.

Kibano

*

Nyumbani,
30 Julai

Mwanangu Kibano,

Marahaba ya Juni na ya Julai. Anayeandika ni fundi viatu, kwa sababu mimi nina bandeji na nimekatazwa kuinama. Nimemwambia aandike ninachosema bila kuongeza. (Siongezi kitu. Hujambo, Kibano?)

Nilikwenda. Baba yako alinishika mkono njia nzima kama vile ningekimbia. (Alijaribu, mlangoni.) Daktari ni kijana, ana vidole vizuri, nilivitazama kwanza kabla ya kumtazama yeye. Nikamuuliza amewahi kufungua mangapi. Akasema hajui idadi. Nikamwambia fundi mzuri hajui idadi, endelea. Ni mtoto wa jicho kweli. Miaka yote watu wananiuliza nitapata mtoto lini, na nilikuwa naye jichoni. (Hapa amecheka mwenyewe, mimi sijacheka, utani huu nilishausikia mara nne leo.)

Sikukuambia kwa sababu moja. Ungebaki. Ungekaa kwenye kiti kile ukawa jicho langu, ungesema ni kwa hiari yako, na mimi ningekuamini kwa kuwa napenda kukuamini. Nilikuwa tayari kubadilisha betri mpaka mwisho. Sasa unajua, na umeshafaulu, kwa hiyo haikusaidii kitu kujua. (Tunapumzika.)

Bandeji inatoka kesho. Naogopa, nakuambia wewe tu. (Na mimi nipo hapa.) Na fundi viatu, ambaye hana adabu lakini amekuja kila siku na uji.

Shangazi yako
(kwa mkono wa jirani, ambaye mwandiko wake, kama uonavyo, ni mzuri)

*

Dukani,
14 Septemba

Mwanangu Kibano,

Hatujambo kabisa. Tazama mwandiko huu udogo wake, nimeupunguza makusudi ili uhangaike. Nilirudi jana jioni kutoka kwako, basi halikuharibika, vifaranga wamekua na sasa mabanda hayatoshi.

Nina jambo la kusahihisha. Siku ile huko maabara ulinipa kile kijiti cha pamba, ukaniambia nijikwangue ndani ya shavu, ukapaka kwenye kioo, ukatia rangi ya bluu, ukakilaza kioo cha juu vizuri bila hewa, nilikuona. Ukaniambia, "Shangazi, tazama, huyo ni wewe." Nikatazama kwa jicho langu la kulia, yote mawili wazi. Ukaniuliza naona nini. Nikasema, "Vumbi," nikatoka nje. Nikaona uso wako ulivyosawijika, na bado nikatoka.

Nilidanganya. Niliona. Sikutaka kulia mbele ya mkufunzi wako, ambaye ni mtu wa maana. Zilikuwa kama kumi na tano, pana, bapa, hazina ukuta, zimetawanyika, kila moja na kiini chake cha bluu. Moja ilikuwa imekunja pembe, kama barua iliyofunguliwa na kufungwa mara nyingi. Nilikaa miaka arobaini kwenye meza hii nikitia springi ufunguo, nikijua saa yoyote usipoitia itasimama. Na shavuni mwangu mwenyewe kulikuwa na vitu hivi muda wote, vinajilisha, vinajijenga, vinajigawa, na hakuna mtu aliyewahi kuvitia ufunguo. Nilitoka nje kwa sababu hiyo. Nilikaa kwenye ngazi za maabara nikajishika shavu, mtu wa bustani akadhani jino linaniuma.

Nimekuchorea hapo chini. Ile ya pembe iliyokunjwa ipo, ya tatu kutoka kushoto.

Saa ndogo zimeanza kurudi. Juzi nimefungua moja ya kike, kubwa kama kifungo cha shati, nikaona vumbi kwenye jino la gurudumu. Ulisema kazi hii inasubiri mazishi. Huenda ni kweli, lakini wiki hii nina saa sita mezani, kwa hiyo mazishi yangoje zamu.

Kilenzi chako nimekitoa kwenye msumari. Kimo ndani ya bahasha hii, nimekifunga kwa pamba. Usikikandamize jichoni. Kitumie kukagulia vioo vyako kama vina mkwaruzo kabla hujaviweka chini ya lenzi, na huko huko kikae, maana huko ndiko unakofanyia kazi.

Msumari haukubaki mtupu. Nimetundika ule mchoro wako wa hewa, nimeutia fremu. Wateja wakiuliza ni nini, fundi viatu anawahi kuwaambia ni mwezi. Mimi nawaambia ni pumzi ya mwanangu, aliyoichora siku alizokuwa bado hajaona, na kwamba sasa anaona.

Shangazi yako